Msimu wa korosho: linda laini yako kabla ya simu yako

Korosho zikishauzwa mnadani na hela ikaingia, wa kwanza kupata habari ni simu yako. Inajua kabla ya mke, kabla ya mjomba, kabla ya mwenye duka anayekudai sukari ya tangu Agosti. Meseji moja tu, na kiasi chote kimeandikwa hapo.

Kwa mkulima wa Chiungutwa, wilayani Masasi, mlolongo unaeleweka. Mzigo unaenda chama cha msingi, yaani AMCOS, unapelekwa ghalani, unauzwa mnadani kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, na malipo yanapita benki. Baada ya hapo si kila mtu anapanda gari kwenda Masasi mjini au Newala kupanga foleni. Wengi wanabonyeza *150*66# ya NMB Mkononi au *150*03# ya SimBanking ya CRDB, wanahamishia M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa au Mixx by Yas, halafu wanatoa kwa wakala jirani.

Sasa angalia kitu kimoja: hatua zote hizo zinapita kwenye laini. Simu ya laki tatu ikitumbukia kwenye tangi la maji ya mvua, umepoteza laki tatu. Laini ikiangukia mikononi mwa mtu mwingine, anaweza kuufikia mlango wa benki yako, wa WhatsApp yako na hata wa barua pepe yako, kwa sababu huduma nyingi hutuma namba za uthibitisho kwenye laini hiyohiyo. Ndiyo maana nasema watu wengi wanalinda kisichohitaji sana. Kava ngumu na kioo cha kuzuia mikwaruzo wananunua, lakini namba ya siri ni mwaka wa kuzaliwa, na mwaka wenyewe upo kwenye kitambulisho kilichowekwa ndani ya kava hiyohiyo.

"Ile hela tuma namba hii"

Tuanze na meseji maarufu kuliko zote Tanzania. Unaijua: ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litakuja la fulani. Watu wanaicheka, wanaitengenezea vichekesho TikTok, na bado inakula watu. Kwa nini?

Anayeituma hakujui. Ripoti za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa vinara wa majaribio ya utapeli wa simu, mikoa iliyo mbali na Makonde. Mtu anaweza kukaa huko na kurusha meseji kwa mamia ya namba kwa kubahatisha, kama anayetupa nyavu. Hahitaji kujua kama una deni. Anahitaji tu mmoja kati ya mamia awe na deni siku hiyo.

Na hapo ndipo msimu unapomsaidia. Oktoba mpaka Januari, nani huku hadaiwi? Kuna vibarua waliookota korosho, kuna aliyekopesha dawa ya kupulizia mikorosho, kuna ada ya mtoto, kuna fundi wa bati. Meseji ambayo mwezi wa sita ungeifuta bila kusoma, mwezi wa kumi na moja inakukuta kweli una "ile hela" ya mtu. Unatuma.

Dawa yake ni ya kizamani: mpigie unayemdai au anayekudai kwa namba uliyokuwa nayo siku zote, usikie sauti yake. Usipige namba iliyotuma meseji, na usiridhike kwa sababu jina limetokea lilelile aliloandika. Jina kulingana na meseji si ushahidi wa chochote. Tapeli amekuandikia jina la laini anayoitumia ndiyo maana linalingana.

Ndugu zake ni wawili. Wa kwanza ni meseji ya malipo ya uongo, iliyopangwa maneno kama ya M-Pesa lakini imetoka kwenye namba ya kawaida, ikifuatiwa na simu ya mtu analia: samahani mzee wangu, nimekosea kutuma, nirudishie. Usisome meseji, angalia salio. Kama salio halijaongezeka, hakuna hela iliyoingia. Kama limeongezeka kweli, mwambie awasiliane na mtandao wake urudishe wao, usimtumie wewe. Wa pili ni simu ya "mwalimu" au "daktari" kwamba mwanao aliyepo bweni ameanguka ghafla na inatakiwa hela ya dawa sasa hivi. Huyu ni mbaya kuliko wote kwa sababu anacheza na moyo wa mzazi. Weka namba ya mwalimu wa darasa na ya mkuu wa shule kwenye simu leo, wakati bado una akili timamu.

Meseji ya kitapeli ukiipata usiifute kwanza. Ipeleke kama ilivyo kwenda 15040, namba ya TCRA ya kuripoti utapeli, na ukiulizwa namba ya aliyekutumia, iandike. Inachukua dakika moja.

Mtandao ukipotea, usilaumu mnara tu

Kuna wizi wa pili, na huu hauhitaji utume chochote. Mtu anakwenda kurudisha laini, yaani anajifanya wewe, anadai laini yako imepotea, anapewa nyingine yenye namba yako. Ya kwako inazimika. Kuanzia dakika hiyo meseji zako zinaenda kwake.

Dalili yake kubwa ni simu kukosa mtandao ghafla. Mjini mtu angeshtuka. Lakini ukikaa sehemu ambayo mtandao unakuja na kuondoka, na ili upige simu lazima usogee mpaka kwenye mwembe fulani, utakaa siku nzima bila mtandao na hutaona ajabu. Kipimo chepesi ni jirani. Kama yeye ana mtandao uleule na simu yake inashika, na ya kwako haishiki hata ukizima na kuwasha, azima simu yake upige 100 huduma kwa wateja papo hapo. Usisubiri kesho ukaone "labda mnara umeharibika".

Anayekuibia laini anahitaji taarifa zako kwanza: jina kamili, namba ya NIDA, pengine tarehe ya kuzaliwa na kiasi cha muamala wa mwisho. Kwa hiyo yule anayekupigia kwa upole, "naongea na huduma kwa wateja, tunahakiki usajili wako, nitajie namba ya kitambulisho," anakusanya vifaa. Akipiga kwa namba ya kawaida ya tarakimu kumi, kata. Kama una wasiwasi kweli na usajili wako, piga 100 wewe mwenyewe. Namba ya siri usimtajie mtu yeyote, hata kama kweli ni mfanyakazi wa kampuni, maana hana kazi nayo.

Kuna wengine wanakuelekeza ubonyeze kitu: "Bonyeza nyota nyota ishirini na moja nyota, kisha namba hii, kisha reli, ili upate bonasi." Ukibonyeza, simu zinazopigwa kwako zinahamia kwake, zikiwemo za kusoma namba za uthibitisho kwa sauti. Kukagua kama umehamishiwa simu, bonyeza *#21#. Kufuta kila uhamisho, ##002# halafu piga. Ni namba za mfumo wa GSM wenyewe, zinakubali kwenye simu nyingi, hata kiswaswadu.

Kidole chako kimesajili laini ngapi?

Unakumbuka pilikapilika za 2019, kila mtu anatafuta namba ya NIDA asajili laini kwa alama za vidole. Mwisho ulikuwa 31 Desemba 2019, ukasogezwa mpaka 20 Januari 2020, na ambao hawakusajili wakaanza kuzimiwa. Lengo lilikuwa kila laini iwe na mwenyewe anayejulikana. Matapeli wakapata kazi mpya: kutafuta laini zenye majina ya watu wengine.

Njia ni rahisi mno. Unakwenda kusajili laini kwa kijana mwenye mwavuli na kimashine, unaweka kidole, anasema hakijasoma, weka tena. Unaweka. Tena. Kidole cha mkulima kina sugu za jembe na utomvu wa korosho, kweli mashine inaweza kukikataa, kwa hiyo hushangai. Lakini inawezekana pia kila mara ulipoweka, laini mpya ilikuwa inazaliwa kwa jina lako. Laini hiyo ikitumika kutapeli mtu Mwanza, jina litakalotokea kwenye usajili ni lako.

Bonyeza *106# kwenye laini yako. Kuna kipengele cha kuangalia namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukiwa na laini za mitandao miwili, fanya kwa zote mbili. Ukiona namba usiyoitambua, nenda duka la mtandao huo na kitambulisho chako uiombe ifutwe. Mimi ningeshauri ufanye hivi kila baada ya miezi michache, na ufanye pia kwa wazazi wako ukirudi likizo. Ni zawadi bora kuliko kuwawekea bando.

WhatsApp na tarakimu sita

Rafiki anakuandikia: "Samahani, nimekosea nikatuma namba ya uthibitisho kwako, nisaidie." Ni tarakimu sita. Ukimpa, WhatsApp yako inafunguka kwenye simu ya mtu mwingine, na rafiki mwenyewe alishaibiwa ya kwake jana kwa njia hiyohiyo. Kinachofuata ni kila mtu kwenye kundi la ukoo na kundi la bei za mnada kuombwa mkopo wa elfu hamsini kwa jina lako na picha yako.

Ingia Mipangilio, kisha Akaunti, kisha uthibitishaji wa hatua mbili, uweke namba ya siri yako mwenyewe. Mwizi hata akipata tarakimu sita za meseji, atakwama hapo. Ukiwa humo angalia na vifaa vilivyounganishwa. Mtu akiishika simu yako dakika moja tu anaweza kuiunganisha na kompyuta na kusoma kila unachoandika, bila wewe kuona tofauti. Ukikuta kifaa usichokijua, kiondoe.

Kama umeshaibiwa, isajili upya WhatsApp kwa namba yako, mwizi anatolewa. Akiwa amewahi kuweka namba yake ya siri ya hatua mbili, itabidi usubiri siku 7, lakini hata yeye hatakuwa ndani.

Neno kuhusu GBWhatsApp na wenzake, zile mnazorushiana kwa Xender. Najua zina rangi nzuri na zinaficha ukisoma meseji. Mwaka 2022 wataalamu wa Kaspersky walikuta toleo la YoWhatsApp likiwa na virusi vya Triada, likichukua funguo za akaunti za watumiaji. Na miaka miwili kabla, Triada hiyohiyo ilikutwa kwenye simu za Tecno W2 zikiwa mpya kabisa, ikiwaunga watu wa nchi kama Ethiopia na Ghana kwenye huduma za kulipia bila wao kujua. Kampuni ilisema tatizo lilitokana na mtu wa kati kwenye usambazaji. Kwa hiyo bando likiisha kimiujiza, usimtuhumu mdogo wako kwanza. Angalia kwenye mipangilio ni programu gani imekula.

Mkopo wa dakika tano

Kabla korosho hazijaiva kuna miezi ya njaa, na ndiyo miezi ya programu za mikopo. Hutoi dhamana, husaini karatasi. Unabonyeza "ruhusu" mara tatu. Lakini dhamana umeshaitoa: majina yote kwenye simu yako. Ukichelewa siku mbili, mchungaji, shehe, mkwe na bosi wako wanatumiwa meseji kwamba wewe ni tapeli na wamewekwa kuwa wadhamini wako. Hii ni kausha damu iliyohamia kwenye kioo.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, na kuwatahadharisha wananchi wasizitumie. Kenya walifika mbali zaidi kwenye upande wa faragha: Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya kampuni ya Mulla Pride, mwenye programu za mikopo, kwa kutumia majina na namba za watu walizozipata kwingine ili kuwatishia.

Kwetu sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Ukitumiwa meseji ya kudhalilishwa, au namba yako ikatumika hivyo kwa deni la mtu mwingine, piga picha ya skrini, tunza, na lalamika Tume. Ni haki yako, hata kama ni wewe uliyekopa.

Kabla ya hapo, soma programu inaomba nini. Ya mkopo ikitaka majina ya simu na picha zako, hiyo siyo benki. Hata tochi ikitaka lokesheni yako, jiulize inataka kukumulika wapi.

Steshenari, fundi na kuchajisha

Ukiniuliza wapi taarifa za watu wa huku zinavuja zaidi, sitakutajia wadukuzi wa Urusi. Nitakutajia steshenari. Unataka kopi ya NIDA, unaambiwa "nitumie WhatsApp", unatuma picha ya kitambulisho, kinachapishwa, unalipa mia mbili, unaondoka. Picha imebaki kwenye simu ya pale pamoja na za watu mia tatu. Wanafunzi wanaoomba mkopo wa chuo au ajira ndiyo kabisa: wanafunguliwa barua pepe na mhudumu, nywila anaibuni mhudumu, na mara nyingi ni ileile kwa wote. Mwombe afute picha ukiwa umesimama hapo. Nywila ibadilishe ukifika nyumbani, na kama ulitumia kompyuta yao, hakikisha umetoka kwenye akaunti. Si kwamba mwenye duka ni mwizi. Ila kompyuta yake inashikwa na wengi.

Kwa fundi simu na kwa wanaochajisha, toa laini na kadi ya kumbukumbu kabla ya kuacha simu. Fundi wa kioo hahitaji laini yako. Ukishindwa kutoa, weka namba ya siri ya laini yenyewe, ambayo ni tofauti na ya kufungulia skrini. Ya mwanzo huandikwa kwenye kadi uliyopewa ukinunua laini. Ukikosea mara tatu itadai PUK, kwa hiyo usibahatishe.

Funga pia maneno ya meseji yasionekane skrini ikiwa imefungwa. "Umepokea TSh 2,400,000" inayowaka kijiweni mbele ya watu nane ni tangazo.

Na bibi? Bibi hasomi, anampa wakala simu na kumtajia namba ya siri kwa sauti, foleni nzima inasikia. Msimlaumu. Kiswaswadu chake kina kinundu kwenye 5. Mjukuu akae naye jioni mbili amfundishe namba kwa kupapasa, juu, chini, kulia, kama anavyojua njia ya kisimani. Wakala aingize kiasi na namba yake, kisha simu irudi kwa bibi amalizie mwenyewe. Kama haiwezekani, basi awepo mtu mmoja wa kuaminika katika ukoo, si kila anayepita.

Ikipotea leo

Kwanza laini, halafu simu. Chukua simu yenye mtandao uleule, piga 100, waambie waifunge laini na akaunti ya hela. Pigia benki wafunge huduma ya simu. Waambie watu wa karibu wasitume hela kwa namba yako. Kama ni simu janja ya Android, fungua akaunti yako ya Google kwenye simu nyingine uitafute, uifunge au ufute kila kilichomo. Kisha polisi kwa taarifa ya upotevu.

Huko utaulizwa IMEI, tarakimu 15 za utambulisho wa simu. Wengi hapo ndipo wanapokwama, maana boksi lilishachezewa na watoto. Bonyeza *#06# sasa hivi wakati simu bado iko mkononi, zitatokea. Ziandike kwenye daftari, kule unakoweka risiti za AMCOS.